Bima yetu halisi ni grupu ya WhatsApp

Hesabu grupu za WhatsApp kwenye simu yako ambazo jina lake linaanza na "Bili ya". Mimi ninazo nne. Moja sasa ni ya mazishi. Ilianza kama ya hospitali, jina likabadilishwa usiku mmoja, lakini picha ikabaki ile ile, mgonjwa akitabasamu.

Iliyonifanya niandike haya ni ya jirani yangu hapa Pipeline, msee wa boda ambaye nitamwita Deno, ingawa hilo si jina lake. Jioni moja mwaka jana pickup ilimgonga kwenye Outering Road na kutoroka. Mfupa wa paja ukavunjika. Tulimkimbiza hospitali ya umma, sitaitaja, na huduma ya kwanza alipata bila maneno mengi. Walimfunga mguu, wakamdunga sindano ya maumivu, wakampiga picha. Kipengele cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na siku hiyo Katiba ilifanya kazi. Shida ilianza daktari aliposema mguu unahitaji upasuaji.

"Si ako na SHA," nikamwambia sista wa mapokezi. Nilikuwa na hakika, kwa sababu mimi ndiye niliyemsajili. Tulikuwa tumeketi nje ya kibanda cha chapati, nikabonyeza *147# kwenye simu yake, tukajaza kila kitu, ujumbe wa kuthibitisha ukaingia. Deno aliuhifadhi kama cheti cha kuzaliwa.

Sista akaangalia kompyuta. "Amesajiliwa. Lakini hajalipa."

Alitakiwa kulipa Sh6,840. Za mwaka mzima, kwa mkupuo. Deno, siku ikiwa nzuri, hurudi nyumbani na kama Sh800 baada ya mafuta na lile deni la pikipiki. Siku ya mvua anarudi na homa. Kwa hivyo tukafanya kile ambacho kila Mkenya anajua kufanya. Grupu ikafunguliwa, namba ya M-Pesa ikabandikwa, watu wakaanza kutuma, mia mbili hapa, hamsini pale. Kwa saa tatu ile 6,840 ikapatikana na kulipwa. Tukasema asante Mungu, tuko ndani. Halafu tukaambiwa vyuma vya kuunga mfupa havipo, vinunuliwe nje. Hapo grupu ilirudi kazini kwa wiki mbili zaidi, na Deno akalala na mguu wake ukiwa umening'inizwa akisubiri.

Nimelifikiria hili sana. Si kwamba lilikuwa ajabu. Ni kwamba halikuwa ajabu hata kidogo.

Angalia tulichofanya pale mapokezi. Tulilipa bima baada ya ajali. Kama umewahi kuwa kwenye chama, unajua hiyo ni nini. Ni mwanachama anayeonekana tu mwezi ambao zamu ya kupokea ni yake. Chama kinaweza kumvumilia mmoja wa hivyo. Wakiwa wote wa hivyo, hakuna chama, kuna watu wamekaa tu wakinywa chai. Bima inasimama kwa sababu wazima wengi wanalipa ili wagonjwa wachache watibiwe. Sasa wengi wetu hapa mtaani tumeamua, bila kukutana, kwamba tutalipa siku tukianguka. Serikali inatuita wakaidi. Mimi nasema tumefanya hesabu, na hesabu yetu si mbaya.

Kwanza tuelewane kuhusu pesa inatoka wapi, maana watu wengi wanaitukana SHA bila kujua iko na mifuko mingapi. Iko na mitatu. SHA ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, ikachukua nafasi ya NHIF ambayo ilikuwepo tangu 1966. Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi, yaani zahanati na vituo vya afya, zile za Level 2 na Level 3. Huo unalipwa na serikali kutoka kwa kodi, na wewe unachohitaji ni kusajiliwa tu. Wa pili ni SHIF, ndio wa michango yetu, ndio unaolipia kulazwa, upasuaji, kujifungua na kadhalika. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, unaoingia ule wa pili ukiisha. Kwa mfano viwango vilipotangazwa, familia yenye mgonjwa wa saratani ilitengewa Sh400,000 kwa mwaka kutoka SHIF, kisha Sh150,000 kutoka mfuko huo wa tatu. Yeyote ambaye ameuguza mtu wa saratani anajua pesa hizo hufika mwezi wa ngapi.

Mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, kiwango cha chini Sh300 kwa mwezi. Na hapa nitasema kitu ambacho wasomaji wangu wengine hawatapenda: hii sehemu ni ya haki kuliko ile ya zamani. Chini ya NHIF aliyepata Sh20,000 alilipa 750. Sasa analipa 550. Aliyepata nusu milioni alilipa 1,700, sawa kabisa na wa laki moja, kwa sababu kiwango kiliishia hapo. Sasa analipa 13,750. Watu wa nusu milioni walilia sana kwenye X, nami niliwaonea huruma kwa karibu dakika nzima. Ila nakubaliana nao kwa jambo moja. Mwajiri haongezi hata ndururu. Anakata ya mfanyakazi, anapeleka, basi.

Sasa njoo kwetu tusio na payslip, ambao ndio wengi katika nchi hii. Fundi, mama mboga, makanga, mtu wa nywele, mtu wa kuandika maudhui mtandaoni kama mimi. Hatuna mshahara wa kukatwa, kwa hivyo mfumo unatuuliza maswali. Nyumba yako ina paa gani? Ukuta wa nini? Choo cha aina gani? Unapikia nini? Kisha kompyuta inakadiria kipato chako, inatoa asilimia 2.75, inazidisha mara kumi na mbili, na unaambiwa ulipe ya mwaka mzima kabla ya kupata chochote.

Mimi nashuku maswali haya yaliandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria kijijini. Kijijini mwenye nyumba ya mawe ni tajiri. Njoo Pipeline. Sote tunaishi kwenye mawe! Ghorofa saba, umeme uko, maji yako siku zingine, choo ni cha kuvuta maji, mnatumia vyumba kumi. Ukijibu kwa uaminifu unaonekana una maisha. Kompyuta haijui kwamba hilo jengo ni la landilodi, na kwamba wewe uko na chumba kimoja chenye kitanda upande huu na meko upande ule. Mjini umaskini hauko kwenye ukuta. Uko kwenye tarehe tano, kodi ya nyumba ikihitajika.

Lakini hata makadirio yangekuwa sahihi, bado kuna lile neno "mwaka". Nani hapa anaishi kwa mwaka? Sisi ni watu wa kadogo. Mafuta ya kupikia tunapimiwa kwa mashine ya dukani ya shilingi ishirini. Stima tunanunua tokeni za hamsini. Bando ni la saa moja. Pikipiki ya Deno inalipwa kila siku, na siku asipolipa anaanza kupigiwa simu na watu wasio na salamu. Biashara zote zilizofanikiwa mtaani zimeelewa kwamba mteja wao ana pesa ya leo. NHIF, pamoja na wizi wote uliosemwa kuihusu, angalau ilikubali Sh500 ya mwezi. Kisha ikaja bima mpya, ya kutuokoa sisi, ikataka ya mwaka.

Serikali iliona shida hiyo, sitasema haikuona. Mwaka 2025 ikaleta Lipa SHA Pole Pole. Jina zuri. Ukiangalia ndani ni mkopo: unakopeshwa pesa ya kulipa bima kisha unalipa mkopo kidogo kidogo. Kijana ambaye tayari anadaiwa na aplikesheni tatu anapewa deni la nne ili siku akiugua asiingie kwenye deni. Oktoba mwaka huo huo serikali ikaanza pia kuwalipia zaidi ya watu milioni mbili wasiojiweza kabisa, na hilo ni jambo jema, nalisifu. Lakini kijana wa miaka 24, mzima, hana mtoto, anaishi kwenye ghorofa, hatawahi kuwa kwenye orodha hiyo. Ukiwa bado chuoni kadi ya mzazi inakubeba. Mimi nilipoacha chuo niliacha na hiyo. Hakuna aliyeniambia, niligundua nikiwa na jino.

Na wasichana wameumia zaidi. Chini ya Linda Mama, uliyohitaji ni mimba na kitambulisho, unajifungua katika hospitali ya umma bila kulipa. Mpango huo ukageuzwa kuwa Linda Jamii ndani ya SHA, na sasa ili ile Sh10,000 ya kujifungua kawaida au Sh30,000 ya upasuaji ilipwe, lazima mchango wa mwaka uwe umelipwa. Msichana wa saluni aliye na mimba ya miezi minane ambayo mwenyewe amezima simu ndiye tunamwambia aweke akiba ya mwaka.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii. Watu wa kipato cha kila siku hawafai kutafutwa mlango kwa mlango kuombwa ada ya bima. Matibabu yetu ya lazima, kujifungua, ajali, kulazwa wodini, yangelipwa kutoka kwa kodi, kama vile zahanati inavyolipwa. Ile asilimia 2.75 ya wenye mishahara ibaki, wala sisemi iondolewe. Lakini kwetu mlango uwe kitambulisho tu.

Najua jibu la kwanza: "Mnataka vya bure na hamlipi kodi." Pole, lakini huo ni uongo tunaouzoea. Deno hulipa kodi kila siku ya maisha yake. Mafuta anayoweka kwenye pikipiki yalipandishwa VAT kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Bando lake lina kodi. Akituma pesa kwa mamake, ile ada anayokatwa ina ushuru ndani yake. Sabuni, simu, taa ya pikipiki, kila kitu. Yaani serikali tayari inajua kumtoza Deno kwa kadogo, asubuhi mchana jioni, bila kumuuliza choo chake ni cha aina gani. Ikifika wakati wa kumtibu ndipo inasahau ujuzi huo wote na kumtaka alete ya mwaka.

Wala hili si ndoto yangu. Ghana ilipopitisha sheria ya bima ya afya mwaka 2003 iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, na hadi leo sehemu kubwa ya pesa za bima yao inatoka humo. Mama wa sokoni akinunua na kuuza, anachangia. Thailand ilienda mbali zaidi. Mwaka 2002 ilichukua watu wote wasio na bima ya kazini au ya serikalini, ikawaweka kwenye mpango unaolipwa na bajeti ya nchi, na mgonjwa akawa anatoa baht 30 tu kila akienda hospitali. Hawakuwa matajiri wakati huo, walikuwa wanatoka kwenye msukosuko mkubwa wa uchumi. Kilichowasukuma ni kwamba walishajaribu kuuza kadi za bima kwa watu wa vibarua, na wengi walionunua ni waliokuwa tayari wagonjwa. Unasikia hiyo?

Hata hapa nyumbani, wazee wetu wanakumbuka. Mwaka 1965 Kenya iliondoa ada za wagonjwa wa kutibiwa na kwenda. Hiyo ilidumu hadi 1989, tulipoletewa "cost sharing" wakati wa masharti ya Benki ya Dunia na IMF. Ikasimamishwa mwaka uliofuata watu walipoacha kwenda hospitali, ikarudishwa 1992. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zikashushwa hadi shilingi 10 na 20, na 2013 zikaondolewa. Mwaka huo huo wa 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote ulioletwa na waziri Charity Ngilu, Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Yaani tumekuwa tukizunguka mzunguko huu tangu kabla sijazaliwa, na kila kizazi kinaambiwa hili ni jambo jipya.

Jibu la pili ndilo linalonisumbua, na sitalikwepa. Sisi ndio wale wale tuliojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha. Inakuwaje leo niandike kwamba hospitali zilipwe na kodi? Rafiki yangu mmoja aliposoma rasimu ya makala haya aliniuliza hivyo hivyo, tena kwa hasira, na kwa muda sikuwa na la kusema.

Nilivyo sasa nasema hivi. Hatukukataa kodi. Tulikataa kulipa kitu tusichokiona kikirudi. Na hofu hiyo ina sababu. NHIF ilikufa ikiwa na deni la takriban Sh30 bilioni kwa hospitali. SHA haijamaliza hata mwaka, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaripoti kwamba mfumo wake wa teknolojia wa Sh104.8 bilioni haumilikiwi na serikali. Agosti 2025 Waziri Aden Duale alikuwa akifunga hospitali zilizodai pesa kwa wagonjwa hewa. Hata Ghana ninayoisifu, kuna miaka serikali yao iliwekea ile tozo kikomo na kutumia inayozidi kwingine. Kodi inaibwa. Lakini michango ya SHIF nayo inaibwa, mbona? Tofauti ni kwamba mchango ukiibwa, wewe ambaye hukulipa unaambiwa huna haki ya kulalamika. Hizo pesa zikitoka kwa kodi, hata Deno ana haki ya kuuliza.

Tena viongozi wa Afrika, sisi tukiwemo, waliahidi kule Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Hatujawahi kufika hapo. Hata kabla ya kuongeza kodi moja mpya, hapo kuna mazungumzo ya kufanya.

Na kumbuka kilichofuata zile siku za Juni. Vijana walipigwa risasi, wengine wakalazwa, na bili zikaja. Nani alilipa? Tulichanga mtandaoni, mamilioni ya shilingi, kwa siku chache. Nilituma mia mbili na nilijivunia sana, nikapiga hata picha ya ujumbe wa M-Pesa. Baadaye nilianza kuona vingine. Sisi tumekuwa tukilipa bima kubwa kuliko SHA bila kuiita bima. Jumlisha ulichotuma kwenye grupu za "Bili ya" mwaka uliopita. Mimi nilijumlisha zangu. Ni Sh9,350, na si mtu wa pesa mimi. Ni zaidi ya walichomtaka Deno, na hainipi chochote siku nikiugua isipokuwa matumaini kwamba watu wananipenda vya kutosha. Mwenye marafiki wengi anapona haraka. Aliyekuja Nairobi juzi, asiyejulikana na mtu, huyo grupu yake ina watu sita.

Mguu wa Deno umeunga, anachechemea kidogo kukiwa na baridi. Amerudi kwenye steji. Mwezi ujao ile 6,840 yake inaisha, na juzi aliniuliza kama alipe tena au angoje. Nilimwambia nitamjibu. Nikaingia kwenye namba yangu mwenyewe kuangalia, ikaniambia nimesajiliwa, sijalipa.

Grupu yake bado ipo. Wiki iliyopita mtu aliandika, "Wadau, tuifunge?" Tumeisoma sote, alama za bluu zinaonekana. Hakuna aliyejibu.